Mshahara Usipofika: Dalili za Dola Inayoanguka

(Hotuba niliyoitoa Kigoma mbele ya walimu, wanafunzi, wafanyabiashara na wazee wa mji. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliotaka kuja wakashindwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, vijana, akina mama mliofunga biashara mapema ili mfike hapa: asanteni sana kwa kuja.

Nimeombwa niseme jinsi ya kuzitambua dalili za dola inayoanguka. Ningeweza kuwatajia nchi kumi, lakini nitawapeleka kwenye nchi moja tu, ile ambayo siku hewa ikiwa safi tunaiona milima yake kutoka ufukweni hapa. Nitawapeleka Kongo, na hasa ile miaka ilipoitwa Zaire, kuanzia 1971 hadi 1997.

Kwa nini Zaire? Kwa sababu wengi wenu mliuona mwisho wake kwa macho yenu. Mnakumbuka mwishoni mwa mwaka 1996, mitumbwi na maboti yakivuka ziwa usiku na mchana, yamejaa watoto na magodoro. Mwaka huo ndipo kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Wapo humu ndani waliowapokea jamaa zao wa Uvira na Fizi wakiwa hawana hata viatu. Ndiyo maana mtu akituuliza Zaire ilianguka lini, sote tunajibu haraka: ilianguka kwenye ile vita.

Mimi nasema hapana. Vita ilipofika, ilikuta dola imekwisha kuanguka siku nyingi. Jioni hii nataka tuzungumzie kuanguka kwenyewe, kule kwa kimya kimya, ambako hakukuonyeshwa kwenye taarifa ya habari.

Lakini kwanza tutenganishe mambo mawili, maana vijana wangu mnayachanganya. Serikali mbaya si lazima iwe serikali dhaifu. Mobutu, yule mkuu wa jeshi aliyeitawala Zaire hadi mwisho wake, alitwaa madaraka Novemba 24, 1965. Juni 1966, waziri mkuu wa zamani Évariste Kimba na wenzake watatu walinyongwa hadharani katika mji mkuu, mbele ya umati wa maelfu kwa maelfu. Huo ulikuwa ukatili, na ukatili hauna jina jingine. Hata hivyo dola ile ilikuwa na uwezo. Walimu walilipwa. Meli zilipanda na kushuka Mto Kongo. Shaba ya Katanga ilichimbwa na kusafirishwa. Mwaka 1967 walitoa fedha mpya iliyoitwa zaire, na zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Kimarekani. Mngeniuliza mwaka 1970 kama hiyo ilikuwa dola inayoanguka, ningewajibu kwamba ilikuwa dola inayotisha. Kutisha na kuanguka ni vitu viwili.

Vilevile, umeme ukikatika siku mbili, au barabara ikiharibiwa na mvua, msikimbilie kusema nchi imekufa. Nchi haifi kwa sababu ya shimo barabarani. Swali la kuuliza ni hili: shimo lile likiripotiwa, yupo mtu ambaye ni kazi yake kulifukia, anayelipwa kulifukia, na anayeogopa asipolifukia? Kama yupo, mna shida ya barabara. Kama hayupo, basi nisikilizeni vizuri.

Tuanze na siku ya mshahara.

Septemba 23, 1991, Kinshasa, karibu na uwanja wa ndege wa N'djili. Kulikuwa na kambi ya askari wa miamvuli. Hawa hawakuwa wanamgambo wala waasi waliotoka msituni. Walikuwa wanajeshi wa jeshi la taifa, wenye sare na kiapo. Mshahara wao ulikuwa haufiki, na ulipofika haukutosha kununua hata chakula cha siku chache. Siku ile walitoka kambini na bunduki. Walianza na uwanja wa ndege, wakaingia mjini, wakavunja maduka, maghala na viwanda. Wananchi wakafuata nyuma yao. Watu walibeba magunia ya unga, kisha friji, kisha milango, kisha nyaya za umeme zilizong'olewa ukutani. Uporaji ukasambaa hadi Kisangani, Kolwezi na Lubumbashi. Ufaransa na Ubelgiji zikatuma askari kuwaondoa raia wao.

Sasa niwaulize. Aliyevunja duka ni nani? Ni yule aliyeajiriwa kulilinda.

Je, nchi haikuwa na fedha kabisa? Gbadolite, kaskazini mwa nchi, kwao Mobutu, kulikuwa na majumba ya marumaru katikati ya msitu, na njia ya ndege ndefu kiasi cha kupokea Concorde, ile ndege iliyopita kasi ya sauti. Tena kulikuwa na kikosi maalumu cha kumlinda rais, na wengi wa askari wake walitoka eneo alikotoka yeye. Kikosi hicho kilikuwa kinalipwa, na kililipwa vizuri. Hiyo ndiyo dalili ninayotaka muishike. Mshahara ukichelewa kwa wote, nchi ina shida ya fedha, na shida ya fedha hutibika. Mshahara ukifika kwa wale wanaomzunguka mkubwa, na usifike kwa askari wa kawaida, kwa mwalimu, kwa muuguzi, hapo mtu ameamua ni sehemu gani ya dola iishi na ni sehemu gani ife.

Na mtumishi asiyelipwa haachi kazi. Hili watu wengi hawalielewi. Anabaki na kiti chake, anabaki na muhuri wake, anabaki na bunduki yake. Ofisi inageuka kuwa shamba lake, na mwananchi ndiye mavuno. Karani wa vizazi na vifo anauza cheti. Hakimu anauza hukumu. Askari anaweka kamba barabarani. Mwaka 1976, katika hotuba ya hadhara, Mobutu mwenyewe aliwaambia watu wake kwamba wakiiba, waibe kidogo na kwa akili. Mwaka uliofuata alisimama mbele ya chama chake, chama pekee kilichoruhusiwa nchini, akalalamika kwamba katika nchi yao kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa. Mnaona? Aliujua ugonjwa. Aliutaja kwa jina, tena kwa ufasaha mkubwa, na bado alitawala miaka 20 mingine. Kwa hiyo kiongozi akisimama kulaani rushwa, msipige makofi kwanza. Subirini muone nani anafikishwa mahakamani.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nitakaa nalo zaidi, kwa sababu ndilo linaloniumiza.

Wakongo wana kitu wanakiita Kifungu cha 15. Ukimuuliza mtu wa Kinshasa au wa Bukavu anaishije, atakujibu kwamba anaishi kwa Kifungu cha 15. Husimuliwa kwamba kilianzia Kasai ya Kusini mwaka 1960, wakati jimbo lile lilipojitenga chini ya Albert Kalonji na kufurika wakimbizi wasio na mahali pa kulala. Walipodai msaada, wakajibiwa: jitafutieni wenyewe. Tangu hapo watu wakasema katiba yao ina kifungu kimoja tu kinachotekelezwa, nacho kinasema: jitafutie.

Wageni waliokwenda Zaire walikipenda sana Kifungu cha 15. Waliandika juu ya ujasiri wa akina mama wa sokoni, juu ya fundi anayefufua gari kwa waya na sabuni, juu ya watu wasiokata tamaa. Na ni kweli, watu wale ni hodari, wala simwondolei mtu heshima yake. Lakini, ndugu zangu, tujiulize: nani aliyefaidika na uhodari ule?

Chukueni shule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimu wa Zaire waligoma, na shule zikafungwa kwa miezi mingi. Wazazi na makanisa wakakaa chini wakatafuta njia. Wakakubaliana kwamba wazazi wamlipe mwalimu wenyewe, kwa muda, mpaka serikali itakapopata nafuu. Jambo jema kabisa. Ningekuwa mzazi Bukavu ningechanga. Mtoto hawezi kungoja siasa. Shule zikafunguliwa, mitihani ikafanyika, watoto wakasoma.

Na ule muda? Ule muda ulichukua karibu miaka 30. Elimu ya msingi bila malipo ilitangazwa kuanza kutekelezwa mwaka 2019, nchi imekwisha kubadilisha jina, imepita vita mbili kubwa na marais wengine wawili. Mzazi aliyechanga mwaka 1992 amemwona mjukuu wake akichangishwa. Na baada ya miaka michache tu hakuna aliyekuwa akiuliza tena kwa nini serikali haimlipi mwalimu. Swali lenyewe lilionekana la kitoto.

Chukueni simu. Simu za posta zilipokufa Kinshasa, hakuna aliyeandamana. Mwaka 1986 ikaanzishwa kampuni binafsi ya simu za mkononi, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika, na mawaziri na matajiri wakanunua. Umeme ulipokatika, wenye uwezo wakanunua jenereta. Maji yalipokatika, wakachimba visima. Hospitali ilipoishiwa dawa, wakapanda ndege kwenda Brussels. Polisi waliposhindwa, wakaajiri walinzi.

Mnaona kinachotokea? Kila mwenye sauti anatoka kwa mlango wake. Anayeweza kupiga simu kwa waziri hana tena mtoto katika shule ya waziri. Anayebaki ndani ni yule asiyesikika. Hapo dola inaweza kukaa miaka mingi bila kufanya chochote na bila kusumbuliwa na mtu yeyote. Mwananchi akiacha kuidai serikali, serikali haiingiwi na hofu. Inapumua.

Ndiyo maana nasema dalili kubwa kuliko zote si vurugu. Vurugu humaanisha watu bado wanadai. Dalili kubwa ni siku mnapozoea. Ni siku mnapoanza kumcheka anayekwenda ofisini kuulizia haki yake bila bahasha mkononi, mkimwambia, "Wewe nawe, unaishi dunia gani?"

Na mazoea hayo yana gharama ambayo huja kulipwa siku moja, kwa mara moja. Mwaka 1995, katika mji wa Kikwit, ulizuka ugonjwa wa Ebola. Wagonjwa zaidi ya 300, na waliokufa walikuwa takriban wanne katika kila watano. Uliwashika wauguzi na madaktari wengi, kwa sababu hospitali kuu ya mji mkubwa namna ile haikuwa na glavu za kutosha wala vifaa vya kujikinga. Huwezi kujitafutia glavu siku Ebola imekwisha kuingia wodini. Kifungu cha 15 hakifiki huko.

Nije kwenye fedha, lakini sitakawia.

Mkumbuke: mwaka 1967, zaire moja kwa dola mbili za Kimarekani. Serikali ilipoishiwa, ikawa inachapisha noti Ulaya na kuzileta kwa ndege. Mwishoni mwa mwaka 1992 ikaja noti ya zaire milioni tano. Kwa bei ya 1967 noti hiyo moja ingekuwa dola milioni kumi! Siku ilipotoka ilitosha kununua vitu vya dola mbili tatu. Etienne Tshisekedi, waziri mkuu aliyechaguliwa na Mkutano Mkuu wa Kitaifa, yaani mkutano wa vyama, makanisa na makundi mengine wa kuipangia nchi utawala mpya, alitangaza kwamba noti ile si halali. Mobutu akawalipa askari noti hiyo hiyo. Askari akaenda dukani, mwenye duka akakataa. Mwishoni mwa Januari 1993 Kinshasa ikaporwa kwa mara ya pili. Watu wengi sana waliuawa, akiwamo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliyepigwa risasi Januari 28 akiwa ubalozini kwake.

Miezi michache baadaye nchi ilikuwa na mawaziri wakuu wawili, Tshisekedi aliyekataa kufukuzwa na Faustin Birindwa aliyeteuliwa na Mobutu, kila mmoja akidai yeye ndiye. Oktoba 1993 ikatolewa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Na watu wa Kasai wakafanya jambo ambalo mimi nalifikiria mara nyingi: waliikataa. Waliendelea kutumia noti kuukuu, zilizochakaa, ambazo Kinshasa ilikwisha kuzifuta. Na bei za Kasai zikatulia kuliko za Kinshasa. Noti iliyofutwa, isiyo na serikali nyuma yake, ikaaminiwa kuliko noti yenye serikali. Hilo linawaambia imani ya watu ilikuwa imefika wapi.

Jambo la nne ni zito, na nawaomba vijana mlisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hili halihitaji nchi nzima ianguke ndipo lije. Linaweza kuja mtaani kwenu.

Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba, iliishi kwa kampuni ya madini ya serikali, Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Ilikuwa na shule zake, hospitali zake, ikiwagawia wafanyakazi unga. Wazee wa Lubumbashi na Likasi walikuwa wakisema kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Fedha zake zilichotwa bila kurudishwa kwenye mashine. Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka chini ya ardhi. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 30,000.

Baba amekufa na mama amekufa. Watoto wamuulize nani?

Wangepaswa kuiuliza Kinshasa. Wangepaswa kuuliza fedha za shaba zilikwenda wapi. Badala yake wakaonyeshwa jirani. Kwa miongo mingi watu kutoka Kasai walikuwa wameletwa na kuhamia Katanga kufanya kazi migodini na relini. Walikuwa wamezaa huko, wamezeeka huko, wakisema Kiswahili kile kile cha Katanga. Mwaka 1992, mivutano ya siasa ilipopamba moto na Tshisekedi, Mkasai, alipochaguliwa kuwa waziri mkuu, gavana Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama chake wakawageukia. Wakawaita "bilulu". Yaani wadudu. Likasi na Kolwezi, watu walifukuzwa majumbani, nyumba zikachomwa, wakakimbilia stesheni za reli. Wakakaa hapo majukwaani wiki kwa wiki, miezi kwa miezi, wakingoja treni ambazo hazikuja, huku watoto wao wakifa kwa kuhara na surua. Waliong'olewa ni mamia ya maelfu.

Je, baada ya Wakasai kuondoka, mgodi wa Kamoto ulifufuka? Mshahara ulirudi? Unga uligawiwa tena?

Kwa hiyo, vijana wangu, mtakaposikia mtu mwenye cheo, mahali ambapo kazi zimekwisha na huduma zimekufa, anaanza kuwaambia kwamba shida yenu ni watu wa kabila fulani, au wageni, au wakimbizi, muulizeni swali moja: hesabu ziko wapi? Hapa Kigoma tunajua jirani ni nani. Tumezaa nao ng'ambo ile, na wao wamezaa nasi huku. Lakini hata Likasi walijuana. Walikuwa wameoana.

Kuna wanaosema: mbona dunia haikuona? Dunia iliona. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimpeleka Mjerumani, Erwin Blumenthal, aliyewahi kuwa ofisa wa benki kuu ya kwao, akae ndani ya Benki ya Zaire na kuzisimamia fedha. Hakumaliza hata miaka miwili. Taarifa yake iliyojulikana mwaka 1982 ilisema wazi kwamba wizi umeanzia juu, na kwamba wakopeshaji wasitarajie kurudishiwa fedha zao. Wakafanya nini? Wakaendelea kukopesha, kwa sababu vilikuwa vita baridi, na Mobutu alikuwa rafiki wa upande wao, amepakana na Angola iliyokuwa upande wa Warusi. Mpaka anaondoka, deni la nchi lilikuwa limepita dola bilioni 10 za Kimarekani. Basi msije mkatulizwa na mikopo wala na sifa za wageni. Mtu aweza kukopeshwa kwa sababu anafaa kwa mkopeshaji, huku nyumbani kwake watoto hawajala.

Na jeshi? Wengi hudhani dola yenye askari wengi barabarani ni dola yenye nguvu. Jeshi la Zaire lilimtisha mwananchi kwa miaka 30. Lakini mwaka 1977, wapiganaji walipoingia Shaba wakitokea Angola, ilibidi askari wa Morocco waletwe kwa ndege za Ufaransa. Mei 1978 Kolwezi ikatekwa, na walioikomboa walikuwa Wafaransa na Wabelgiji. Sasa tazameni: hiyo ilikuwa 1978. Miaka 19 kabla ya mwisho! Kila mwenye macho alikwisha kuona kwamba jeshi lile halikuundwa kupigana na adui. Liliundwa kumtazama mwananchi, na makamanda wake walifanywa watazamane wenyewe kwa wenyewe ili asipatikane mmoja wa kumpindua mkubwa.

Kwa hiyo Oktoba 1996, Laurent-Désiré Kabila na wapiganaji wake, wakisukumwa na Rwanda na Uganda, walipoanza Kivu, mnajua kilichotokea. Uvira, Bukavu, Goma. Kisangani mwezi Machi, Lubumbashi Aprili. Askari wa serikali walikuwa wakipora mji, kisha wanakimbia, kabla adui hajafika. Vijana wadogo walioitwa kadogo, wengine hawajaota ndevu, wametembea kwa miguu upana wa nchi ambayo ndani yake Ulaya Magharibi karibu nzima ingeenea, wakaingia Kinshasa Mei 17, 1997, wakisema Kiswahili. Miezi saba tu. Hakuna jeshi la miguu linaloshinda nchi kubwa namna ile kwa miezi saba kama ndani yake bado mna dola. Mobutu alikuwa ameondoka siku iliyotangulia. Alifariki Rabat, Morocco, Septemba mwaka ule ule.

Nisiwaache na picha ya giza tupu, maana haitakuwa kweli. Dola ilianguka, lakini watu hawakuacha kuwa Wakongo. Makanisa yaliendelea kuendesha shule. Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari uliendelea kufanyika. Februari 16, 1992, waumini waliandamana Kinshasa, mikononi rozari na Biblia, wakidai Mkutano Mkuu wa Kitaifa ufunguliwe tena baada ya kufungwa. Walipigwa risasi, wengi wakafa. Na mkutano ule ukafunguliwa tena miezi miwili baadaye. Msinielewe vibaya niliposema watu walizoea. Si wote. Wapo waliodai mpaka wakalipa kwa damu, na kila tunapomcheka anayedai haki yake ofisini, tunawasahau wale.

Namalizia na jambo dogo ambalo mwaka 2022 wengi wenu mlilalamika kwamba linawapotezea muda. Sensa. Mlikaa nyumbani, karani akaja, akauliza mmelala wangapi, choo ni cha aina gani, mna mifugo mingapi. Tukahesabiwa watu 61,741,120. Mnajua Kongo ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho lini? Mwaka 1984. Tangu hapo ni makadirio tu. Watu walioangamia katika vita mbili hawajulikani idadi, kwa sababu hata waliokuwa hai kabla ya vita hawakuwa wamehesabiwa. Dola inapoacha kuwahesabu watu wake, imekwisha kuamua kwamba haitawajengea wala kuwalipa, na kwamba wakipungua haitajua.

Sasa ninyi mliotoka vijijini, Uvinza, Buhigwe, Kakonko, Kasulu. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wananchi. Kwenu uliitishwa lini mara ya mwisho? Nani alisoma hesabu? Kuna aliyesimama akauliza juu ya fedha za zahanati, au wote mlikuwa mmezoea? Mkirudi, mwulizeni mwenyekiti tarehe ya mkutano ujao, mkiwa wengi, na mmwulize kwa heshima. Akiwaambia hajui, rudini tena wiki ijayo.

Mimi nimesema ya kutosha. Tuanze na maswali, na ningependa aanze mwanafunzi kabla ya sisi wazee.